Mini VCI, ELM327 na mashine za mkononi: kipi kinaiona sensa ya usukani?

Taa ya P/S (ya usukani wa umeme) ikiwaka kwenye Toyota IST au Vitz na usukani ukawa mzito ghafla kama wa tipa la mchanga, jibu la kwanza katika gereji nyingi za Dar es Salaam linafanana: "Sensa imekufa, bosi. Tafuta nguzo." Hapo fundi anamaanisha nguzo nzima ya usukani pamoja na mota yake, kwa sababu kwenye Toyota hizi ndogo sensa hiyo haiuzwi peke yake. Utazunguka Ilala na Gerezani kuitafuta, gari litalala na dashibodi wazi, na ikishafungwa taa inaweza kuwaka vilevile. Kabla fundi hajashika spana, muulize swali moja: hiyo sensa umeiona kwa kifaa gani?

Vifaa vingi vinavyochomekwa chini ya dashibodi mjini hapa haviioni kabisa. Vinaongea na injini, vinaandika kwamba hakuna kosa, na aliyevishika anajazia yaliyobaki kwa kukisia. Tathmini hii inavipima vifaa vinavyopatikana kirahisi Kariakoo na kwenye maduka ya mtandaoni kwa kazi hii moja tu. Kinachosoma injini vizuri lakini kinaishia hapo, hapa kimefeli.

Hukumu yetu ni kwamba kwa mwenye Toyota, waya wa Mini VCI, unaounganisha gari na kompyuta, na multimita ya kawaida ya kupimia umeme vinatosha, na vinazishinda mashine za mkononi zenye bei mara kadhaa ya hiyo. ELM327, kidubwasha cha blututhi kinachosomwa kwa simu, ina kazi zake, ila hii si mojawapo. Na mashine za mkononi za "mifumo minne" ndizo zinazowaingiza watu hasara zaidi, kwa sababu zina sura ya mashine kamili.

Sensa mbili, magonjwa mawili

Tunaposema sensa hatusemi ile ya watu na makazi, ingawa hizi nazo zinahesabu. Kuna mbili zinazochanganywa kila siku.

Ya kwanza ni sensa ya msokoto, ambayo mafundi wanaiita toki sensa. Imo ndani ya nguzo ya usukani. Ukigeuza usukani, kijiti chembamba cha chuma ndani ya nguzo kinajisokota kidogo kabla magurudumu hayajaitikia. Sensa inaupima msokoto huo na kuupeleka kwa volti kwenye kontroli boksi ya usukani, nayo boksi inaamua mota isukume upande gani na kwa nguvu kiasi gani. Volti zikiwa za kutia shaka, boksi inakata msaada wote. Inafanya hivyo makusudi: mota inayosukuma kwa taarifa za uongo inaweza kukugeuzia gari katikati ya Barabara ya Mandela. Kwa hiyo uzito wa usukani hauthibitishi kwamba mota imeungua. Mara nyingi mota iko salama kabisa, imezuiwa tu kufanya kazi.

Ya pili ni sensa ya pembe. Hii inakaa nyuma ya usukani, jirani na utepe wa umeme unaokwenda kwenye mfuko wa hewa, na kazi yake ni kuhesabu usukani umegeuka nyuzi ngapi. Mteja wake mkubwa ni VSC, mfumo unaozuia gari kuteleza. Ikifa kwenye Toyota, usukani kwa kawaida unabaki mwepesi vilevile, ila taa ya gari linaloteleza inawaka na namba ya kosa ni C1231. IST isiyo na VSC haina hata hiyo sensa. Anayekuuzia sensa ya pembe kwa IST yenye usukani mzito hajui anachokitafuta, au anajua na anakutegemea wewe usijue.

Namba za kosa za sensa ya msokoto kwenye Toyota ni C1511 hadi C1514. C1515 na C1516 zinafanana nazo kwa sura ila zinasema jambo tofauti: sifuri ya sensa (usomaji ambao boksi inauhesabu kuwa usukani haujaguswa) haijawekwa, au imewekwa na haikukamilika. Hapo sensa inaweza kuwa nzima. Nissan nao wana namba yao, C1604. Zikumbuke, maana ndizo mtihani wa kila kifaa hapa chini.

ELM327

Hiki ni kile kidubwasha cha blututhi, mara nyingi cha bluu au cheusi, chenye ukubwa wa kiberiti kidogo au zaidi kidogo, ambacho kwa kawaida unakipata chini ya shilingi 50,000. Jina ni la chipu iliyotengenezwa na ELM Electronics ya Kanada. Karibu vyote vinavyouzwa mitaani ni nakala. Kwenye nakala hizo kuna kichekesho kimoja: zilizoandikwa 2.1 mara nyingi ni dhaifu kuliko zilizoandikwa 1.5, kwa sababu zimepunguzwa amri. Namba kubwa haina maana ya kifaa kipya. Ukiwa na uchaguzi, chukua 1.5.

Tatizo kwa kazi yetu si unakala wake. Programu za bure za simu zinatumia lugha ya jumla ya OBD (mfumo wa gari kujikagua), iliyowekwa kwa ajili ya injini na moshi. Inasoma namba zinazoanza na P. Namba za C, zinazohusu chasi na usukani, ziko kwenye lugha ya mtengenezaji wa gari, na programu isiyoijua lugha hiyo haiingii. Programu ya Car Scanner ina wasifu wa Toyota unaoweza kuingia ABS (mfumo wa breki) na hata usukani kwenye baadhi ya magari ya CAN (njia mpya zaidi ya nyaya mbili ambayo boksi za gari zinaongelea), kwa hiyo si haki kusema ELM327 haiwezi kamwe. Ila kwenye magari yaliyojaa hapa kwetu, yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka ya mwanzoni mwa 2000, hata injini yenyewe wakati mwingine haijibu. Programu inazunguka, inaandika haikuunganika, na mtu anadhani kifaa kibovu. Mengi ya magari hayo yanaongea kupitia waya wa K (njia ya zamani ya waya mmoja) kwa mwendo wa 9600 na anwani ya 13, kwa hiyo kwenye programu kama Torque lazima uandike mwenyewe amri za kuanzia, zikiwemo ATIB 96 na ATIIA 13. Hata hapo unapata injini tu.

Basi ELM327 inafaa nini? Inaonyesha volti za betri wakati gari linawaka, na hilo kwenye usukani wa umeme si dogo, kama tutakavyoona. Zaidi ya hapo usiitegemee. Na usikiache kimechomekwa usiku kucha: tundu namba 16 la soketi lina umeme wa betri muda wote, na betri iliyochoka itakuamkia imelala.

Mini VCI

Huu ni waya wenye plagi ya OBD upande mmoja na USB upande mwingine, unaofanya kazi na programu ya Toyota iitwayo Techstream kwenye kompyuta ya Windows. Bei yake mara nyingi ni mara mbili tatu ya ELM327. Kwa pesa hiyo unaingia mahali ambapo mashine nyingi za bei haziingii: kwenye orodha ya mifumo unaona EMPS, ambayo ndiyo kontroli boksi ya usukani, na ndani yake unaona volti za sensa zikipanda na kushuka jinsi unavyogeuza.

Kuufunga kwenye kompyuta ndiko kunakochosha. Draiva zake zimeandikwa kwa Windows ya biti 32. Kwenye Windows 10 au 11 ya biti 64 utalazimika kuhamisha mafaili kwa mkono na kuhariri rejista, au utafute kompyuta kuukuu yenye Windows 7 ya biti 32 uitenge kwa kazi hii tu. Njia ya pili ndiyo tunayoipendekeza, na laptopu ya zamani isiyo na kazi nyingine inatosha. Chipu ya USB ndani ya nakala nyingi inajidai kuwa ya kampuni ya FTDI. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilitoa draiva iliyozifanya chipu bandia zisitambulike tena na kompyuta, kwa hiyo kompyuta ya kazi hii izuie isijisasishe draiva yenyewe. Halafu lipo suala la CD inayokuja ndani ya boksi: programu iliyomo kwa kawaida haina leseni ya Toyota, na hujui kimechanganywa nini. Hiyo ni sababu nyingine ya kutumia kompyuta isiyo na nyaraka zako wala akaunti ya benki. Toyota wenyewe wanauza Techstream kwa malipo ya muda, kwa anayetaka kukaa upande wa haki.

Ukiunganisha, usishangae programu ikishindwa kulitambua gari. Magari ya soko la Japani mara nyingi unayachagua kwa mkono, modeli na mwaka. Kisha nenda EMPS, soma namba za kosa, ziandike pembeni, na usizifute. Fundi anayefuta kwanza ili "tuone kama itarudi" amefuta ushahidi. Kosa la kuja na kuondoka linaweza kukaa wiki nzima bila kurudi, halafu likakuibukia mzunguko wa Kigogo saa kumi na moja jioni.

Baada ya namba, fungua data ya moja kwa moja. Hapa ndipo Mini VCI inapolipa gharama yake. Swichi iwe ON, gari limesimama, magurudumu yamenyooka, mikono imeachia usukani. Tafuta mistari ya Torque Sensor 1 na 2. Kwenye Toyota hizi ndogo zote mbili zinatakiwa kuwa kati ya volti 2.3 na 2.7. Geuza kulia taratibu: zinapanda kuelekea 4.7. Geuza kushoto: zinashuka kuelekea 0.3. Zinakwenda pamoja kama pacha, na tofauti kati yao inatakiwa kuwa chini ya volti 0.3.

Sasa zisome. Zote mbili zikiwa 2.5 na zinasogea bila kuruka, sensa yako ni nzima, hata kama fundi ameshaizika. Mstari mmoja ukiwa umeganda karibu na sifuri au karibu na 5 wakati mwenzake anasogea vizuri, shida ni waya wa mstari huo au nusu moja ya sensa. Tikisa plagi polepole huku mwenzako anatazama skrini. Namba ikiruka kwa kutikisa, ni mguso wa plagi, na nguzo huihitaji. Zote mbili zikiwa zimeganda chini, usilaumu sensa kabla ya kupima umeme unaoilisha. Na zikikaa 2.8 au 2.9 wakati mikono haigusi usukani, ama sifuri imepotea, ama kuna kitu kinausukuma usukani bila wewe: maungio ya chini yaliyokauka, au nguzo iliyobanwa vibaya baada ya ajali. Gari la namna hii linajitambulisha lenyewe barabarani. Usukani ni mwepesi ukikata kulia, mzito ukikata kushoto, na kwenye barabara iliyonyooka unajivuta. Wengi wanalipeleka kwa mpima alaimenti mara mbili tatu kabla hawajafikiria sensa.

Kwenye ukurasa huohuo kuna mistari ya volti inayopuuzwa: IG na PIG. IG ni umeme unaopita kwenye swichi ya gari. PIG ndio umeme mkubwa unaoilisha mota, kupitia fyuzi nene ambayo mara nyingi ni ya ampea 50. Washa injini, geuza usukani gari likiwa limesimama, na uitazame PIG. Ikiporomoka wakati volti kwenye vichwa vya betri zimetulia, umeme unapotea njiani: kichwa cha fyuzi kilichoungua, nati iliyolegea, au waya wa bodi wenye kutu. Ikiporomoka pamoja na betri, basi ni betri au alteneta. Magari mengi yanayobeba abiria wa mtandaoni jijini yanatembea na betri za mtumba huku AC na chaja za simu zikifanya kazi mchana kutwa, na namba wanazopata ni C1551 au C1552. Hizo ni namba za umeme. Mtu akikuonyesha C1551 huku anataja bei ya nguzo, funga boneti, mshukuru, ondoka.

Udhaifu wa Mini VCI ni mmoja wa kutajwa: kontroli boksi za zamani kabisa zinazotumia waya wa K wakati mwingine haziitikii, hata Techstream ikiwa sahihi. Kwenye IST na Vitz za mwanzo unaweza kupata injini na kukosa EMPS. Hapo si lazima ununue kifaa kingine. Kuna kipande cha waya.

Waya wa bure

Toyota za kipindi hicho zinasema makosa yao kwa taa. Zima gari. Kwenye soketi ya OBD, ukiitazama kwa mbele na safu pana ikiwa juu, hesabu kutoka kushoto: tundu la nne juu ni namba 4, la tano chini ni namba 13. Ziunganishe kwa kipande chembamba cha waya, kisha weka swichi ON bila kuwasha injini. Taa za dashibodi zinaanza kupepesa pamoja, kwa hiyo kaza macho kwenye P/S peke yake. Ikipepesa haraka haraka bila kukoma, hakuna kosa lililohifadhiwa. Kosa likiwepo, inapepesa tarakimu ya kwanza, inanyamaza sekunde moja na nusu, inapepesa ya pili. Mpepeso mmoja, kimya, mpepeso mmoja ni 11, yaani C1511. Mmoja kisha mitano ni 15, yaani C1515. Mitano kisha mmoja ni 51. Zikiwa nyingi zinafuatana, kwa hiyo piga video ya simu uhesabu ukiwa umetulia.

Kosa la kuogopa hapa ni kugusa namba 16, la mwisho kulia chini. Hilo ni umeme wa betri moja kwa moja, na ukiliunganisha na 4 utaunguza fyuzi kama una bahati. Soketi nyingine zimefungwa kichwa chini, kwa hiyo angalia safu pana iko wapi kabla ya kuhesabu. Kama huna uhakika na macho yako, mwachie fundi wa umeme.

Multimita, mwenza wa lazima

Hakuna kifaa kati ya hivi kinachoweza kukuambia waya umekatika wapi. Kinakupa namba, mahali unapatafuta mwenyewe. Multimita ya kawaida inatosha, mradi ncha zake ni nyembamba za kuingia nyuma ya plagi bila kupanua tundu. Kwenye kontroli boksi ya usukani tafuta nyaya za TRQV na TRQG (umeme wa kuilisha sensa na hasi yake), na TRQ1 na TRQ2 (volti za Torque Sensor 1 na 2). Swichi ikiwa ON, kati ya TRQV na TRQG kwenye nyingi ya Toyota hizi uone volti 7.5 hadi 8.5. Huo ndio mlo wa sensa, na unatoka kwenye boksi. Ukikosekana hapo hapo kwenye boksi, chomoa plagi ya sensa kwenye boksi upime tena: ukirudi, sensa au waya wake unapiga shoti; usiporudi, boksi ndiyo mgonjwa. Ukiwepo kwenye boksi na ukakosekana kwenye plagi ya nguzo, waya umekatika katikati. Kisha linganisha TRQ1 na TRQ2 kwenye boksi na zile ulizoziona kwenye skrini.

Kabla ya yote hayo, chomoa plagi na uziangalie pini. Unyevu wa Dar, chumvi ya upande wa baharini na magari yaliyovuka maji Jangwani vinaacha ukungu wa kijani kwenye shaba. Dawa ya kusafisha miguso ya umeme na brashi laini, si msasa. Angalia pia mikono ya watu: waliofunga redio, alamu na vifaa vya kufuatilia gari hukata na kuunga nyaya palepale chini ya usukani, wakazungushia selotepu. Ukiona ungio la namna hiyo karibu na plagi ya usukani, anzia hapo.

Kwa magari mapya kidogo yenye CAN kuna kipimo kimoja cha haraka. Chomoa betri, pima ukinzani kati ya tundu 6 na 14. Uone kama omu 60. Ukiona 120, upande mmoja wa njia umekatika, na namba za mawasiliano zinazoanza na U utakazozikuta hazihusu sensa.

Mashine za mkononi

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Mashine kama Launch CRP123 inasoma mifumo minne: injini, gia, ABS na mfuko wa hewa. Ni mashine nzuri kwa hiyo minne. Usukani haumo. Autel AL619 nayo ni injini, ABS na mfuko wa hewa. Ukiipeleka kwenye gari lenye C1511 itakuletea ukurasa safi, na atakayeiamini ataondoka akidhani gari halina kosa. Tofauti ni kwamba kwa sensa ya pembe hizi zinaweza kusaidia, kwa kuwa C1231 inakaa upande wa ABS na VSC.

Ukitaka mashine ya mkononi inayofika kwenye usukani, nenda kwenye zile za mifumo yote, kama Autel MX808 au MK808. Zinaingia EPS (boksi ya usukani wa umeme) ya Toyota, Nissan, Subaru na wengine, zinaonyesha data, na zina kazi ya kuweka upya sensa ya pembe. MK808 inavuka shilingi milioni moja, na masasisho ya bure ni ya mwaka mmoja. Baada ya hapo unalipia au unaendelea na data uliyonayo. Kwa gereji inayopokea X-Trail asubuhi na Ractis mchana, inalipa. Kwa mwenye gari moja, hapana.

Kumlipa mwenye mashine

Wengi hawatanunua chochote kati ya hivi. Watampigia mtu wa kupima. Ni uamuzi wa busara, mradi ujue unachonunua. Usilipie "kupima gari", lipia kupimwa usukani. Muulize kwenye simu: "Fundi, mashine yako inaingia EPS ya IST?" Akijibu kwamba inasoma kila kitu, rudia swali. Akifika, omba kuona vitu vitatu kwenye skrini: namba ya kosa kabla haijafutwa, volti za sensa mbili mikono ikiwa haigusi usukani, na PIG wakati usukani unageuzwa. Zipige picha. Picha hizo utakwenda nazo kwa fundi yeyote, na dukani pia.

Na kabla hujampigia, tenga hali moja isiyo ugonjwa. Ukikata usukani mwisho hadi mwisho mara nyingi, kama kwenye maegesho finyu ya Kariakoo, mota inapata joto na boksi inapunguza msaada bila kuandika kosa lolote. Liache lipumzike kama dakika kumi. Ukirudi mwepesi, hujaibiwa wala hujaharibikiwa.

Ikiwa kweli ni nguzo

Volti zimeganda, plagi ni safi, mlo wa TRQV upo: basi nunua nguzo, kwa namba na siyo kwa macho. IST na Vitz zina nguzo zinazofanana kwa sura huku plagi zikitofautiana. Nenda na picha ya stika ya nguzo yako, na ya kontroli boksi yako, ambayo namba yake ya Toyota inaanza na 89650. Kama muuzaji anazo zote mbili kutoka gari moja, ichukue boksi pia iwe akiba. Sensa ya pembe namba yake inaanza na 89245, na ile unaibadilisha bila kugusa nguzo.

Kufunga hakumalizi kazi, na hapa ndipo nguzo nyingi nzima zinarudishwa dukani kwa tuhuma. Boksi bado inakumbuka sifuri ya sensa ya zamani, kwa hiyo usukani unakuwa mwepesi upande mmoja. Na ukibadilisha boksi, tegemea C1515 mpaka iwekewe sifuri. Hiyo C1515 haisemi kwamba umeuziwa kibovu. Rudi EMPS kwenye Techstream, menyu ya Utility, chagua Torque Sensor Adjustment. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu yamenyooka, swichi ON, injini imezimwa, na hakuna anayegusa usukani, hata kwa goti. Ukiugusa, unaiambia boksi kwamba msokoto wa mkono wako ndio sifuri, na kazi inaanza upya. Ikikataa kwa C1516, nyoosha magurudumu upya, pima volti za betri, rudia. Ikiandika C1581, boksi inadai kwanza iandikiwe ramani ya msaada ya gari hilo (mpango wa mota isaidie kwa nguvu kiasi gani), kisha ndipo sifuri.

Kwa gari lenye VSC, usukani ukishatolewa na kurudishwa, hakikisha umerudi kwenye meno yaleyale. Jino moja pembeni linatosha kuifanya sensa ya pembe isome nyuzi kadhaa gari likiwa limenyooka. Baada ya hapo endesha moja kwa moja kwa kilomita 35 kwa saa au zaidi, angalau sekunde tano bila kukata. Kipande cha Barabara ya Bagamoyo alfajiri kinatosha. Saa za foleni usijaribu.